Rais akishuka kwa asilimia, kura zinakwenda wapi?

Juni 2016, wahojaji wa Sauti za Wananchi, mpango wa utafiti wa shirika la Twaweza, waliwapigia simu watu 1,813 wa Tanzania Bara na kuwauliza, pamoja na mengine, kama wanakubali utendaji wa Rais John Magufuli. Asilimia 96 walisema wanaukubali. Rais alikuwa na miezi saba tu Ikulu. Matokeo yalipotangazwa, wengi waliyapa tafsiri moja: upinzani umekwisha.

Bukoba Mjini palikuwa na sababu ya kuitilia shaka tafsiri hiyo. Miezi minane kabla, katika uchaguzi wa Oktoba 2015, jimbo hilo lilimwangusha mbunge wa CCM, Balozi Khamis Kagasheki, likampeleka bungeni Wilfred Lwakatare wa CHADEMA. Kitaifa, Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46, na Edward Lowassa wa CHADEMA akapata 39.97. Kama watu 96 katika kila 100 walimkubali Rais mwaka uliofuata, basi ndani yao wamo karibu wote waliomnyima kura. Wana CHADEMA wa kata za Kashai na Hamugembe mjini Bukoba wamo. Hawakurudisha kadi wala kubadili bendera. Walimwona rais anayefukuza watumishi wabadhirifu, anayefuta sherehe za Uhuru na kuagiza watu washike mafagio, anayeondoa ada katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne, wakasema huyu anafanya kazi.

Hapo ndipo panapochanganya wasomaji wengi wa tafiti za maoni. Kumkubali rais ni jibu juu ya mtu na kazi yake ya juzi. Kukiunga mkono chama ni jambo lenye mizizi mirefu: familia, kanisa au msikiti, ushirika, ugomvi wa diwani na wananchi wake, kumbukumbu ya nani alikuja kwenye msiba na nani hakuja. Mambo haya mawili huenda pamoja siku moja na kupishana njia siku nyingine. Nionavyo, hakuna mahali pazuri pa kuwaonyesha watu hilo kama Bukoba na Muleba, mkoani Kagera.

Miezi mitatu baada ya simu zile za Juni, mchana wa Septemba 10, 2016, ardhi ya Kagera ilitikisika. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15, likabomoa maelfu ya nyumba, na kuziacha shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikiwa hazifai kukaliwa. Michango ikamiminika kutoka kila kona ya nchi na nje. Kabla mwezi haujaisha, Rais alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Wengi walimpigia makofi. Lakini alipofika Bukoba mwanzoni mwa Januari 2017, aliwaambia waathirika wazi kwamba serikali haitawajengea nyumba. Fedha zilizochangwa zingekwenda kwenye miundombinu ya umma kama shule na zahanati, na kila mtu ajenge yake. Mtu anayelala chini ya turubai na watoto, huku mvua za Bukoba zikimpiga, aliyasikia maneno yale kwa sikio tofauti na msikilizaji wa Dodoma.

Mwaka 2017 kiwango cha kukubalika kwa Rais kitaifa kilikuwa asilimia 71. Mwaka 2018 kilikuwa 55. Katika miaka miwili zimeondoka pointi 41.

Swali la makala hii liko hapo: wale watu 41 katika kila 100 walikwenda wapi?

Jibu rahisi lingekuwa upinzani. Takwimu za utafiti uleule zinakataa. Mwaka 2017, Rais alipokuwa ameshashuka pointi 25, waliosema wako karibu na CCM walikuwa asilimia 63, na CHADEMA 17. Miaka minne kabla, 2013, CHADEMA ilikuwa na 32. Yaani Rais alishuka, na chama kikuu cha upinzani nacho kilikuwa kimeshuka. Wabunge nao, wa vyama vyote, walitoka 68 mwaka 2016 wakaja 58 mwaka 2017. Waliomwacha Rais hawakuhamia kwa mpinzani wake. Wengi walikwenda kusimama kando, na mikutano ya hadhara ya kisiasa ilikuwa imezuiwa tangu Juni 2016, kwa hiyo hapakuwa na jukwaa la kuwaita upande wowote.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi kwamba Mtanzania asiyeridhika hamwambii mhojaji kila kitu. Kabla ya uchaguzi wa 2010, utafiti wa REDET wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulimpa Jakaya Kikwete asilimia 71 na Dk. Willibrod Slaa 12. Sanduku lilipofunguliwa, Kikwete alikuwa na 62.83 na Slaa 27.05. Septemba 2015 Twaweza ilimpa Lowassa 25, Ipsos ikampa 31. Alipata karibu 40. Mara zote mbili mgombea wa upinzani alizidi kwenye sanduku kuliko alivyokuwa kwenye dodoso, kwa pointi 9 hadi 15. Wapo waliochelewa kuamua, na kampeni huwabadilisha watu. Hilo halina ubishi. Lakini kosa linaloelekea upande mmoja kila mara lina maelezo yake. Anayepigiwa simu hajui kwa hakika nani yuko upande wa pili. Na katika kijiji ambako mwenyekiti, katibu wa chama cha msingi cha ushirika na anayeandika majina ya mbolea ya ruzuku wote wanajulikana kadi zao, jibu la tahadhari ni jibu la busara.

Jimbo linaloenda kwa saa yake

Tazama Bukoba Mjini kwa miaka kumi na mitano. Mwaka 2000, Benjamin Mkapa aliongeza kura zake za urais kutoka asilimia 61.8 hadi 71.7. Kwa mantiki ya kukubalika kwa rais, CCM ilipaswa kutamba kila mahali. Bukoba Mjini ilimchagua Lwakatare, wakati huo akiwa CUF, naye akawa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani bungeni. Mwaka 2005 Kikwete alizoa asilimia 80.28, na safari hii mji ulifuata wimbi: Kagasheki akamng'oa Lwakatare. Mwaka 2010 Kikwete alipoteza zaidi ya pointi 17, na bado Kagasheki alimshinda Lwakatare, ambaye alikuwa amehamia CHADEMA. Mwaka 2015 ndipo mji ulipogeuka.

Mara mbili kati ya nne mji ulikwenda kinyume na upepo wa Ikulu. Ukitaka kujua kwa nini 2015, usianze na Rais. Anza na soko.

Tangu 2012 Manispaa ya Bukoba ilikuwa imegawanyika kati ya meya na mbunge, wote wa CCM, wakigombania miradi: ujenzi mpya wa soko kuu, upimaji wa viwanja, mikopo ya halmashauri. Mama anayeuza ndizi na samaki wakavu pale sokoni hakuwa na haja ya dodoso kujua kwamba wakubwa wanapigana juu ya meza yake. Agosti 2013 CCM mkoa ilitangaza kuwafukuza uanachama madiwani wake wanane. Ngazi ya taifa ikazuia. Januari 2014 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alileta ripoti yake Bukoba, na hata baada ya hapo ugomvi haukuisha. Katikati ya hayo, Desemba 2013, Kagasheki alijiuzulu uwaziri wa Maliasili na Utalii kwa sababu ya madhila yaliyofanywa katika Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili. Kwa upande wa pili, Lwakatare alikuwa ameshtakiwa kwa ugaidi mwaka huohuo na Mahakama Kuu ikayaondoa mashtaka hayo, jambo lililomwongezea huruma ya watu badala ya kumpunguzia. Uchaguzi ulipofika, kile kilichoitwa nguvu ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, kilikuta nyumba ya CCM mjini Bukoba imeshapasuka ukuta kutoka ndani.

Sasa vuka uende Muleba Kusini, mwendo wa saa moja na kitu kwa basi. Mbunge wake, Profesa Anna Tibaijuka, alifukuzwa uwaziri wa Ardhi Desemba 2014 katika sakata la Tegeta Escrow, kwa Sh bilioni 1.6 alizopokea akisema ni mchango wa shule. Nchi nzima ilimjadili kwa miezi. Kama kashfa ya kitaifa ingekuwa inashuka moja kwa moja hadi jimboni, Muleba Kusini ingekuwa mali ya upinzani kabla hata ya kampeni. Oktoba 2015 watu wa Muleba Kusini walimrudisha bungeni. Mawaziri wawili wa serikali moja, mkoa mmoja, chama kimoja, wote wameondoka kwenye Baraza la Mawaziri ndani ya miezi kumi na mitatu; mmoja jimbo lake lilimkataa, mwingine lilimkumbatia. Mji una wafanyabiashara, vijana wa bodaboda, wanafunzi na watumishi, na chama kilichogombana hadharani. Vijiji vya Muleba vina kibanja, ukoo, parokia na usharika, na mwanamke aliyewahi kuongoza UN-Habitat, ambaye watu wa nyumbani walimhesabu kuwa fahari yao. Hakuna asilimia moja ya taifa inayoweza kubeba picha hizi mbili.

Na tena, hata kama ingetaka, haiwezi kwa hesabu. Utafiti wa 2018 ulihoji watu 1,241. Kagera, kwa sensa ya 2022, ina takriban watu milioni tatu katika karibu milioni 60 wa Bara. Kwa uwiano huo, sehemu yake katika sampuli ni watu sitini hivi, kutoka Ngara hadi visiwa vya Muleba. Kwa sampuli ya taifa, makosa ya kubahatisha ni kama pointi tatu juu au chini. Kwa watu sitini ni pointi kumi na mbili au zaidi. Asilimia 55 ya Kagera ingeweza kuwa 43, ingeweza kuwa 67. Anayesimama jukwaani Bukoba na kutamka kwamba utafiti umeonyesha wana Kagera wanamkubali au wanamkataa rais fulani, anatamka jambo ambalo utafiti haukusema.

Mizani ya kahawa

Lipo lakini jambo moja linalowagusa watu wa Bukoba Vijijini, Muleba na Missenyi kwa pamoja, na linalopandisha au kushusha heshima ya serikali haraka kuliko hotuba. Ni bei ya kilo ya kahawa ya maganda.

Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, iliyopandwa katikati ya migomba. Mkulima anachuma, anaanika kwenye turubai au jamvi, anageuza mara kwa mara hadi punje ziwe zinalia ndani ya ganda ukizitikisa kiganjani, kisha anabeba gunia kwenye baiskeli hadi ghala la chama cha msingi. Pale karani anaweka gunia kwenye mizani, anasoma, anaandika kwenye stakabadhi. Nyakati hizo ndizo za kusikiliza siasa. Watu waliosimama kwenye foleni hawajadili ilani. Wanajadili makato: cha ushirika kiasi gani, cha halmashauri kiasi gani, malipo ya awali lini, malipo ya pili yatakuja au yatapotelea njiani kama ya msimu uliopita. Mkulima aliyebanwa na karo mwezi wa Machi ameshauza butura, kahawa ikiwa bado kijani mtini, kwa bei ya kutupa. Yeye kwenye foleni hayupo, na hasira yake haipimwi na mizani yoyote.

Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipite kwenye vyama vya ushirika, na wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini. Nia ilikuwa kumkinga mkulima dhidi ya walanguzi na kukomesha butura. Vijijini lililoonekana ni malipo kuchelewa huku upande wa pili wa mpaka, Uganda, mnunuzi akilipa taslimu. Magunia yakavuka usiku kwa njia za panya, kwa miguu na kwa mitumbwi. Waliokamatwa waliitwa wahujumu uchumi kwa kuuza zao walilolipanda wenyewe. Mwaka huohuo Operesheni Sangara ilikuwa ziwani, nyavu na mitumbwi ikichomwa moto, na Muleba ni wilaya ya visiwa: Bumbire, Goziba, Ikuza. Uvuvi haramu ulikuwa unawamaliza samaki wa Ziwa Victoria, hilo ni kweli. Lakini kaya iliyopoteza nyavu na kaya iliyosubiri malipo ya kahawa zingetoa jibu moja kwa mhojaji yeyote ambaye angezipata. Siwezi kusema ni pointi ngapi kati ya zile 41 zilitoka Kagera. Naweza kusema sababu za kushuka zilikuwepo, zenye uzito wa kilo na urefu wa wavu.

Kisha angalia upande wa pili. Kuanzia 2022 minada ilibadilishwa ikasogezwa karibu na mkulima, makato yakapunguzwa, na bei ikaanza kupanda. Mwaka 2024 ukame wa Vietnam na Brazil ukairusha robusta kwenye soko la dunia hadi kiwango kisichowahi kuonekana. Mkulima wa Kamachumu aliyewahi kuuza maganda kwa elfu moja na kidogo alishika fedha ambazo baba yake hakuwahi kuziota. Sifa ilikwenda kwa nani? Kwa Rais Samia Suluhu Hassan. Sehemu yake ni haki, kwa mageuzi ya minada. Sehemu nyingine ni ya mvua iliyokataa kunyesha upande wa pili wa dunia. Marekani ni hivyohivyo: bei ya petroli ikipanda, rais analaumiwa kana kwamba visima ni vyake. George W. Bush alifika asilimia 90 za Gallup baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na Oktoba 2008, uchumi ukiporomoka, alikuwa na 25. Lakini kwao, rais anaposhuka, chama chake hulipa: chama cha Bush kilipoteza Bunge mwaka 2006 na Ikulu mwaka 2008. Mnyororo huo kati ya maoni na sanduku la kura ndio unaoipa asilimia thamani.

Na ndio uliokatika kwetu. Siku chache baada ya Twaweza kutangaza ile 55, Julai 2018, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliiandikia ikihoji kibali cha utafiti, na mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Septemba mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa na kuweka adhabu kwa anayechapisha takwimu zinazodaiwa kupotosha zile rasmi. Ililegezwa Juni 2019 baada ya malalamiko, yakiwemo ya Benki ya Dunia. Kufikia hapo mfululizo wa 96, 71, 55 ulikuwa umekwisha. Nambari ya nne hatukuipata, na mimi naihesabu kuwa hasara ya nchi, ikiwemo ya CCM yenyewe. Chama kinachotawala ndicho chenye haja kubwa zaidi ya kuambiwa mapema kwamba malipo ya kahawa yamechelewa.

Baada ya hapo zilikuja asilimia za aina nyingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, CHADEMA ilijitoa na CCM ikachukua karibu vijiji vyote. Mwaka 2020 Magufuli alitangazwa na asilimia 84.4, CCM ikapata majimbo 256 kati ya 264, na Bukoba Mjini ikarudi kwa chama hicho kupitia Stephen Byabato. Oktoba 2025, Tundu Lissu wa CHADEMA akiwa gerezani kwa shtaka la uhaini na chama chake kikiwa nje ya uchaguzi, Rais Samia alitangazwa na asilimia 97.66, katika siku za maandamano, vifo na intaneti iliyozimwa. Waangalizi wa SADC walisema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kuonyesha utashi wao.

Weka pamoja ile 96 ya 2016 na hii 97.66 ya 2025. Zinafanana kwa macho. Ya kwanza ilitolewa na watu waliopigiwa simu mmoja mmoja, na miaka miwili baadaye simu za aina hiyohiyo zilionyesha 55, kwa hiyo tunajua ilikuwa inapima kitu kinachoweza kushuka. Ya pili haina njia ya kushuka. Mtu wa Bukoba ambaye mwaka 2015 angeweza kuikubali kazi ya Rais na bado akampa diwani na mbunge wa upinzani kura yake, kwa sababu ya soko lililokwama, leo hana mahali pa kuigawa kura hiyo. Asiyeridhika amebaki na njia mbili: kukaa nyumbani, au kumwambia mhojaji, akija, anachotaka kusikia.

Kwa hiyo utafiti ujao ukiruhusiwa, nashauri usiridhike na swali la kama unamkubali rais. Uhoji watu wa kutosha ndani ya mkoa ili Kagera isimame yenyewe, Muleba iachane na Bukoba Mjini, visiwa viachane na nchi kavu. Uulize malipo ya pili ya kahawa yalifika lini. Uulize diwani wako umemwona lini mara ya mwisho. Kisha, mwishoni kabisa, umuulize mhojiwa anadhani ni nani aliyemtuma huyu anayemhoji. Watafiti wa maoni wa Afrobarometer wamekuwa wakiuliza hivyo kwa miaka mingi barani Afrika. Pale ambapo sehemu kubwa ya watu wanajibu kwamba ametumwa na serikali, asilimia ya rais isomwe baada ya jibu hilo, sio kabla yake.